DSM, ICD, mhGAP au Maudsley? Namna ya kuchagua kitabu cha kitaalamu cha magonjwa ya akili

Anayetaka kununua kitabu kimoja tu cha magonjwa ya akili hupata taabu kwa sababu vitabu vinavyopangwa pamoja kwenye rafu moja havifanyi kazi moja. Kimoja kinakupa jina la ugonjwa. Kingine kinakushika mkono mgonjwa akiwa amekaa mbele yako. Kingine ni cha dawa na dozi zake, na kingine kinaueleza ugonjwa wenyewe tangu chanzo hadi tiba. Nimeona wanafunzi wakijinyima miezi kadhaa wanunue kitabu kizito, kisha wakafunua na kukuta swali lao halimo.

Mimi nilijifunza hili usiku mmoja nikiwa bado katika mafunzo ya vitendo. Aliletwa mwanamume wa makamo aliyekuwa akitumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mikono ilimtetemeka hadi maji ya kikombe yakammwagikia kifuani, alikuwa akiharisha tangu asubuhi, akitembea anayumba, na ulimi ulikuwa mzito. Nikakimbilia kitabu nilichokuwa nacho, DSM, kitabu cha Marekani cha vigezo vya kutambua magonjwa ya akili. Nikafunua sura ya baipola, nikasoma vigezo mstari kwa mstari. Vyote vilikuwa sahihi, na hakuna hata kimoja kilichonielekeza nimfanyie nini mtu yule. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akanyoosha mkono juu ya kabati akashusha mwongozo wa dawa uliokwisha kulegea mgongo.

"Lithiamu imemzidi huyo, daktari," akasema. "Hebu muulize kama amepewa dawa ya maumivu siku hizi."

Alikuwa amepewa. Siku nne kabla, kwa ajili ya mgongo, alianzishiwa diklofenaki. Dawa hiyo na wenzake wa kundi moja, kama ibuprofeni, huzifanya figo zitoe lithiamu kidogo kuliko kawaida, ikajaa kwenye damu; na kuharisha kulipokausha maji mwilini, ikapanda zaidi. Tulisimamisha dawa, tukamwekea dripu, damu ikapelekwa maabara. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue kitabu gani, namuuliza kwanza anataka kitabu kimjibu nini.

Maswali manne kwa kila kitabu

Nitavipitisha vyote kwenye maswali yaleyale. Kinajibu nini hasa? Kimeandikiwa nani? Kinautenganishaje ugonjwa na hali ya kawaida ya binadamu? Hapo ndipo utambuzi mwingi huharibika. Na mwisho, kinasema nini juu ya matibabu? Upatikanaji na umri wa toleo nitavitaja pale vinapoweza kubadili uamuzi.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mgonjwa mmoja wa kubuni tumpeleke kwa kila kitabu. Ni mjane wa miaka sitini na ushee, mumewe alifariki miezi 8 iliyopita. Halali vizuri, amekonda, shughuli alizozipenda ameziacha, na jioni husikia sauti ya marehemu ikimwita kutoka mlangoni. Anatumia dawa ya shinikizo la damu, ile ya kukojoza. Watoto wake wanataka kujua kama mama ni mgonjwa au ni msiba tu.

DSM-5-TR

Kinatolewa na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1952, la tano 2013, na marekebisho ya maandishi yake, ambayo ndiyo haya yenye herufi TR, yakatoka 2022.

Kinajibu swali la jina. Lengo lake ni kwamba watabibu wawili wakimtazama mgonjwa mmoja, wasitofautiane wanamwitaje. Ndiyo maana kinahesabu. Kwa sonona kuu, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, kinataka dalili 5 kati ya 9, zikae pamoja kwa majuma mawili, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Mtafiti hawezi kuishi bila ukali huo, kwa kuwa utafiti usio na vigezo vinavyofanana hauwezi kulinganishwa na mwingine. Kimeandikiwa madaktari bingwa, wanasaikolojia tiba na watafiti, na lugha yake inadhani tayari unajua kumhoji mgonjwa.

Mjane wetu akifika hapa, sura ya huzuni ya msiba iliyokawia, ambayo iliingizwa mwaka 2022, inataka miezi 12 iwe imepita kwa mtu mzima. Kwake bado. Je, sonona? Hapa kuna kisa kinachofaa kujulikana. Toleo la nne liliwaweka kando watu waliofiwa ndani ya miezi 2 ili wasiitwe wagonjwa wa sonona kwa sababu ya kulia wafu wao. Mwaka 2013 kinga hiyo iliondolewa, na mahali pake likawekwa dokezo la kumsaidia mtabibu apambanue: huzuni ya msiba huja kwa mawimbi, ikifuatana na kumbukumbu za marehemu, na mtu kwa kawaida habaki akijidharau; lakini sonona hukaa palepale, na humfanya mtu ajione hafai. Mabishano juu ya uamuzi ule yalikuwa makali. Binafsi naliona dokezo lile kuwa na thamani kuliko kurasa nyingi za vigezo, na nasikitika kwamba liko pembeni, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hulipita.

Matibabu hamna. Hamna dawa, hamna dozi, hamna hatua za tiba ya mazungumzo. Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho wengi hawakifunui: mahojiano ya utamaduni, maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe tatizo lake analiitaje, anadhani limetokana na nini, nani amemsaidia mpaka sasa na anatarajia nini. Nimewahi kuyatumia kwa kijana aliyekuwa hajibu chochote kwa wiki nzima. Swali la kwanza tu, la yeye analiitaje tatizo lake, lilimfungua mdomo.

ICD-11 na kitabu chake cha maelezo ya kitabibu, CDDR

ICD ni orodha ya magonjwa yote ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la 11 lilipitishwa 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Sura ya magonjwa ya akili ina kitabu chake cha maelezo, kilichochapishwa 2024 na kujulikana kwa kifupi kama CDDR. Hicho ndicho cha kukilinganisha na DSM, na kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya shirika.

Swali lake ni lilelile la jina, ila njia ni tofauti. Mara nyingi badala ya kuhesabu hueleza sifa ambazo lazima ziwepo, kisha humwachia mtabibu nafasi ya kupima kwa uzoefu wake. Sonona imebaki na hesabu, 5 kati ya 10, kwa kuwa kukata tamaa kumeongezwa kwenye orodha. Kimeandikiwa wataalamu wa nchi zote na wa mifumo tofauti ya afya, na hilo linaonekana: kila ugonjwa una kifungu kinachozungumzia mpaka wake na hali ya kawaida, na kingine kinachozungumzia utamaduni. Msomaji halazimiki kuvitafuta pembeni.

Kuna tofauti mbili na DSM ambazo zinaweza kukuamulia. Kwa skizofrenia, ugonjwa unaovuruga fikra na kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, DSM inataka dalili za ugonjwa ziwe zimedumu angalau miezi 6. ICD-11 inataka mwezi 1. Kijana aliyeugua kwa wiki saba ataitwa jina moja hapa na jina jingine kule, ingawa ni yeye yule na dalili ni zilezile. Kwa kiwewe, yaani madhara ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, ICD-11 ina utambuzi wa kiwewe changamani kwa watu ambao, juu ya jinamizi na kukwepa kumbukumbu, wamevurugika pia katika kudhibiti hisia, katika kujithamini na katika kuwa karibu na wengine. DSM haina jina hilo. Ukihudumia walionusurika utekwaji au ukatili wa miaka ndani ya nyumba, utalihitaji.

Na mjane? ICD-11 inataka miezi 6 tu kwa huzuni ya msiba iliyokawia, kwa hiyo miezi yake 8 inaingia. Lakini haimpi jina kwa kalenda peke yake. Huzuni iwe imezidi waziwazi kile kinachotarajiwa katika jamii na dini yake, na iwe imemzuia kuishi maisha yake. Utalazimika kuwauliza watu wake: huku kwenu mjane huomboleza muda gani, na vipi? Sauti ya jioni mlangoni, kwa mtu aliyefiwa, ni jambo linalotokea sana na haitoshi peke yake kuitwa saikosisi, yaani hali ya kupotewa na uhalisia. Basi mama huyu, siku hiyohiyo moja, kitabu kimoja kinaruhusu apewe jina la ugonjwa na kingine kinataka asubiri miezi 4. Ukijua hivyo, utakuwa na adabu zaidi na majina.

Matibabu hamna humu pia.

mhGAP Intervention Guide

Huu nao ni wa Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa mpango wake wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili. Toleo la kwanza lilitoka 2010, la pili 2016. Ni mwembamba kuliko vitabu vyote hivi, na ni bure.

Swali lake ni: nifanye nini sasa? Umeandikiwa daktari wa kawaida, tabibu na muuguzi asiye bingwa wa akili, mwenye foleni nje ya mlango. Umepangwa kwa michoro ya mishale: uliza hiki, ikiwa ndiyo, nenda hapa, ikiwa hapana, pale. Kila sura inapita tathmini, matibabu, kisha ufuatiliaji, na hicho cha tatu ndicho vitabu vikubwa hukisahau. Una sonona, saikosisi pamoja na baipola, kifafa, matatizo ya watoto na vijana, dimensia, ulevi na dawa za kulevya, kujidhuru na kujiua, na sura moja ya malalamiko mengine. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini huletwa kwenye meza ileile kwa mhudumu yuleyule, na kimewekwa humo kwa sababu hiyo.

Mpeleke mjane hapa uone jinsi mwongozo huu unavyomtazama. Kabla ya kusema sonona, unakuamuru utafute maelezo mengine: upungufu wa damu, lishe duni, tezi ya thairoidi kuzembea, dawa anazotumia. Kisha unauliza kama amewahi kuwa na kipindi cha mania, yaani msisimko uliopita kiasi, maana mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa huko. Kisha unauliza kama amefiwa ndani ya miezi 6. Aliyefiwa karibuni hatibiwi kama mgonjwa wa sonona, isipokuwa kuna ishara nzito kama mawazo ya kujiua, kujiona hana thamani kabisa, dalili za saikosisi, au amewahi kuugua sonona zamani. Mama yetu ameshavuka miezi hiyo, kwa hiyo tathmini inaendelea. Na popote pale mwongozo unataka umuulize waziwazi kuhusu kujiua, ukikuhakikishia kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Sentensi hiyo peke yake nimeona ikiwaondolea wahudumu hofu ya miaka.

Matibabu yapo, machache na yanayofanyika: kumwelimisha mgonjwa na familia, kupunguza mikazo, kumrudisha kwenye shughuli na watu wake, tiba fupi za mazungumzo, na dawa chache. Kwa sonona ni fluoxetine na amitriptyline. Unakumbusha kwamba dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na kwamba amitriptyline ikimezwa kwa wingi huua, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe akiba ya mwezi mzima.

Upungufu wake ni upana. Hauna sura ya mawazo ya kujirudia na vitendo vya kulazimika, wala ya matatizo ya ulaji. Mapendekezo ambayo mwongozo umejengwa juu yake yalirekebishwa 2023 na kuongezwa matatizo ya wasiwasi, hivyo anayetumia nakala ya 2016 ayasome pia hayo mapya.

Wahudumu wa jamii wasio na mafunzo ya tiba wana ndugu ya mwongozo huu: Where There Is No Psychiatrist cha Vikram Patel, cha 2003, toleo la pili 2018 akiwa na Charlotte Hanlon. Waliolelewa na Mahali Pasipo na Daktari wataitambua roho yake. Kimepangwa kufuata tatizo lililomleta mtu, kama vile kukosa usingizi au kutaka kufa, na kinasomeka bila kamusi mkononi.

The Maudsley Prescribing Guidelines

Mwongozo wa dawa uliopewa jina la hospitali ya Maudsley ya London, ukiongozwa na David Taylor. Toleo la 14 ni la 2021, la 15 ni la 2025. Kitabu kilichoshushwa juu ya kabati usiku ule ni cha aina hii.

Swali lake: dawa gani, kiasi gani, na nichunge nini? Umeandikiwa anayeandika dawa na mfamasia, na si wengine. Juu ya mpaka wa ugonjwa na hali ya kawaida hausemi lolote. Unachukulia kwamba umeshaamua. Ukikosea utambuzi, utakusaidia kukosea kwa dozi sahihi kabisa, na ndiyo maana haufai kuwa kitabu cha kwanza cha mtu yeyote.

Lakini angalia unavyomfaa mjane. Tuseme mmeshaona kwamba ana sonona na mnataka kumpa fluoxetine. Hapa utaonywa kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kushusha sodiamu katika damu, na kwamba hatari hupanda kwa mwanamke mwenye umri mkubwa anayetumia dawa ya kukojoza. Mama huyu ana vyote hivyo. Akianza kuchanganyikiwa wiki ya pili, asiyejua atadhani sonona imezidi na kuongeza dozi. Anayejua atapima sodiamu. Namna hiyohiyo utapata habari za ujauzito na kunyonyesha, figo na ini, moyo, klozapini (dawa ya skizofrenia) na vipimo vyake vya damu, na jinsi ya kumhamisha mtu kutoka dawa moja kwenda nyingine. Kuacha dawa taratibu kuna kitabu chake pacha, kilichotoka 2024.

Tiba ya mazungumzo usiitafute humu. Na usinunue toleo kuukuu kwa sababu ni rahisi. DSM ya zamani bado inakufundisha historia ya fikra. Mwongozo wa dawa wa zamani unaweza kumdhuru mtu.

Vitabu vya kiada

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa viwili vinavyojulikana zaidi vinakaribiana. Shorter Oxford Textbook of Psychiatry, toleo la 7 la 2017, ni cha mkono wa Uingereza. Kaplan & Sadock's Synopsis of Psychiatry ni cha Marekani, kinene zaidi, na kinafuata mpangilio wa DSM. Vyote vinajibu swali la kuelewa: jinsi ya kumhoji mgonjwa, dalili zinaitwaje, ugonjwa unatokana na nini, unaendaje, unatibiwaje. Vimeandikiwa mwanafunzi wa udaktari na anayesomea ubingwa. Kuhusu mjane, ndimo utakapojifunza kutofautisha sauti anayoisikia mwombolezaji na sauti anayoisikia mgonjwa wa skizofrenia, na matibabu yamo ya aina zote, dawa na mazungumzo. Dozi za humo zilinganishe na mwongozo mpya, kwa sababu miaka mingi hupita kati ya toleo na toleo.

Kulingana na hali yako

Mwanafunzi wa udaktari anayeanza zamu ya magonjwa ya akili ashike kitabu cha kiada kimoja, kile ambacho walimu wake wanafuata, na apakue CDDR bure kwa ajili ya vigezo. DSM ataihitaji ikiwa mtihani wake unaifuata; aulize kabla ya kulipa.

Tabibu au muuguzi wa kituo ambaye bingwa yuko mbali aanze na mhGAP, auchape, auweke mezani ukiwa wazi. Mwenye idhini ya kuandika dawa aongeze Maudsley pale wagonjwa wa lithiamu na klozapini wanapoanza kurudi kwake kwa ufuatiliaji.

Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wako njia panda kweli. Ukifanya utafiti au ripoti zako zinadai misimbo ya DSM, hakuna mjadala. Ukifanya kazi na walioumizwa kwa muda mrefu, CDDR itakufaa zaidi. Tiba yenyewe ya mazungumzo haimo katika vitabu hivi kwa kina cha kutosha. Itafutie kitabu chake na, muhimu kuliko kitabu, msimamizi wa kukaa naye.

Ndugu wa mgonjwa, au mgonjwa mwenyewe, usianze na DSM. Orodha ya dalili bila mtu wa kukusaidia kuipima humfanya karibu kila msomaji ajikute ndani yake. Anza na kile cha Patel. Na kama kuna mawazo ya kujiua ndani ya nyumba, usisubiri kitabu: nendeni kituo cha afya leo, na mtu asiachwe peke yake.

Asiye na fedha kabisa ana CDDR na mhGAP, jina na hatua, bila kulipa chochote. Fedha ya kwanza atakayoipata, akiwa anaandika dawa, iende kwenye mwongozo wa dawa wa toleo jipya, na kitabu cha kiada akiazime maktaba. Kabla ya kulipia chochote, achukue mgonjwa mmoja aliyemsumbua wiki iliyopita, afunue faharasa ya kitabu anachokitaka, na atafute swali lilelile lililomkosesha usingizi.